Kigali 2025: kwa nini walimaliza 30 tu?

Mkuu, umeuliza kama wale wote waliojitoa kwenye mbio za dunia za baiskeli Kigali walishindwa na hewa nyepesi ya huku juu. Hewa inachangia, lakini kidogo. Nipo hapa kikazi, naendesha baiskeli wikiendi, na Jumapili ile ya 28 Septemba nilikaa kutwa kwenye kilima cha Kimihurura nikiwatazama.

Anza na njia. Kilomita 267.5, na ukijumlisha kupanda kote unapata mita 5,475, kama vile umetoka ufukweni Tanga ukakaribia kilele cha Kilimanjaro. Ila hapakuwa na mlima mrefu wa kutisha. Ni vilima vifupi vinavyorudiwa mpaka uvichukie. Mzunguko wa kilomita 15.1 ulikuwa na viwili: cha Kigali Golf, mita 800 hivi, na Kimihurura, kilomita 1.3 juu ya mawe yaliyopangwa. Walizunguka mara 9, wakapelekwa Mlima Kigali na ule ukuta wa mawe wa Nyamirambo, halafu wakarudishwa kuzunguka mara 6 tena!

Kimihurura naijua kwa miguu yangu. Ukinyanyuka kwenye kiti, gurudumu la nyuma linateleza. Ukikaa, mawe yanakutikisa mpaka mikono inaingia ganzi. Na kule tambarare unaweza kujificha nyuma ya mwenzako akukingie upepo. Kwenye mpando mkali mwendo umeshuka, kinga hiyo haikufai sana. Kinachokuvuta ni uzito wako, na huo hakuna wa kukubebea.

Sasa la kujitoa. Mbio za siku moja hazina kesho. Kwenye Tour du Rwanda, mbio za siku kadhaa, mtu atajikokota mpaka mwisho kwa sababu kesho nahodha wake atamhitaji. Hapa, wengi kazi yao ni kubeba chupa za maji na kuvuta kundi mbele kwa ajili ya nahodha. Akishapitwa na mbio, hana la kufanya. Na Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda siku ile, alichomoka Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Juan Ayuso na Isaac del Toro walikwenda naye, wakaachwa mmoja mmoja, akamaliza zaidi ya kilomita 60 peke yake. Kwa waliokuwa nyuma, siku iliishia pale. Tena kwenye mzunguko banda la timu haliko mbali, na ukichelewa sana waamuzi wenyewe wanakutoa.

Mtazame Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Wiki moja kabla alishinda mbio za kushindana na saa, ambako kila mmoja huanza peke yake, akampita Pogačar barabarani. Jumapili baiskeli ikamsumbua, akabadilisha, akafoka, lakini akafukuza hadi nafasi ya pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma. Ben Healy wa Ireland akawa wa tatu. Hao walikuwa na medali ya kukimbilia. Aliye nafasi ya mia na kitu, mapafu yawe mazima vipi, angekimbilia nini?