Kabla ya kusema mmea unaua malaria, angalia damu kwanza

Mubirizi (Vernonia amygdalina) na miti mingine ya dawa inayouzwa Kadutu, Bukavu, ikipimwa vibaya maabara itatoa namba nzuri za uongo. Kosa huanzia kwenye majani. Yakaushe kivulini, tabaka moja tu. Yaliyoota ukungu wakati wa mvua yatupe.

Loweka unga gramu 100 katika lita 1 ya methanoli (aina ya alkoholi) kwa saa 48, chuja, kisha vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Joto ni jambo zito: Artemisia annua, mmea wa dawa wa China, ilifanya kazi vizuri mwaka 1971 mwanasayansi Mchina Tu Youyou alipoacha kuchemsha akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Hata hivyo, andaa pia dondoo ya kuchemsha kwa maji, kwa sababu ndiyo mgonjwa anayokunywa.

Yeyusha miligramu 10 za dondoo katika mililita 1 ya DMSO, kiyeyushi cha maabara. Ukiizimua mara 200 kwa chakula cha vimelea, unapata mikrogramu 50 kwa mililita, na DMSO asilimia 0.5. Usipite hapo, maana DMSO yenyewe hudhuru vimelea. Endelea kupunguza nusu kwa nusu. Weka vimelea wachanga wa malaria (Plasmodium falciparum), chembe zilizoambukizwa ziwe asilimia 1, chembe nyekundu asilimia 2 ya ujazo wote, nyuzi 37, saa 72. Vimelea wa umri mmoja hupatikana kwa sorbitoli (aina ya sukari) ya asilimia 5. Umeme ukikatika muda mrefu, ukuaji hupungua. Rudia jaribio lote, usirekebishe namba.

Sasa penye mtego. Mimea mingi ina saponini, kemikali zenye povu kama sabuni, nazo hupasua chembe nyekundu. Kimelea hufa kwa kukosa nyumba, na mashine inaandika "dawa kali". Kwa hiyo kila dondoo iwe na vishimo vya sahani ya majaribio vyenye damu safi isiyo na vimelea: maji ya juu yakigeuka mekundu, hiyo si dawa. Rangi ya kijani ya majani nayo hufifisha mwanga wa SYBR Green, rangi ing'aayo ambayo mashine huitumia kupima vimelea, ndiyo maana tunasisitiza utazame pia kwa hadubini damu iliyopakwa nyembamba kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa ya asilimia 10. Kimelea aliyeuawa na dawa huonekana kama kadoa keusi kalikosinyaa ndani ya chembe nzima.

IC50, yaani kipimo kinachozuia nusu ya ukuaji wa vimelea, ikiwa chini ya mikrogramu 5 kwa mililita ni nzuri. Juu ya 50, acha. Klorokwini iwe kwenye kila sahani kama dawa ya kulinganishia, na dondoo ijaribiwe pia kwenye seli za Vero (seli za figo za nyani): ikiziua kwa kipimo kisichofika mara 10 ya IC50, ni sumu tu.