Maswali yenu: Wajapani wa filamu bubu

Eti Anna May Wong ndo Mjapani wa kwanza kuwa staa Hollywood?

Hapana. Ni Mmarekani wa asili ya Kichina, kazaliwa Los Angeles. Hili swali nalijibu kila mara, basi jamani.

Sessue Hayakawa si yule kanali wa kambi ya wafungwa kwenye The Bridge on the River Kwai?

Ndo yeye, 1957, na akateuliwa kugombea Oscar. Ila ukimjua kwa hiyo tu umemkuta uzeeni. Tafuta The Cheat ya 1915, tajiri Mjapani anamkamata yule mama (Fannie Ward) anamchoma begani kwa chapa ya moto, chapa ileile anayopiga kwenye vinyago vyake, na muda wote uso wake umetulia tuli wakati wenzake wanarusha mikono kama wanafukuza kunguru. Wanawake wa kizungu walimpenda kufa, Wajapani wa Los Angeles walikasirika kweli, kwamba jamaa anawachafulia jina. Basi ilivyotolewa tena 1918 wakabadili yale maandishi yanayotokea katikati ya picha, Mjapani akawa Mburma! Sura ileile, kimono kilekile. Ndo maana nawaambia msiamini maandishi ya kwenye muvi, angalieni mwaka wa kopi kwanza.

Waliongeaje na Kiingereza hawajui?

Filamu BUBU. Soma swali lako tena.

Mke wa Hayakawa naye aliigiza?

Ulizeni hivi: mume wa Tsuru Aoki naye aliigiza? Maana bibie alianza kabla yake. Waangalie wote wawili kwenye The Dragon Painter, 1919, ya kampuni ya Hayakawa mwenyewe.

Kwa nini Charlie Chan, yule mpelelezi Mchina wa kwenye muvi, siku zote anachezwa na mzungu?

Nani kakwambia siku zote? Wa kwanza ni George Kuwa, 1926, wa pili Sojin Kamiyama, 1927, wote Wajapani wanaocheza Mchina (nalo lina walakini wake, najua). Warner Oland, Msweden, kaja 1931 ndo akaing'ang'ania hiyo nafasi. Zile mbili za mwanzo zimepotea, kwa hiyo anayekuuzia "full movie" anakula bando lako tu. Sojin alirudi Japani, ukiangalia Seven Samurai ya 1954 ni yule kipofu mwenye gambusi.