Moyo mzima, hofu ya kweli

"Bibi, nina miaka 27, nasomesha skuli huku Wete. Ghafla tu moyo hunienda mbio, vidole hufa ganzi, pumzi hainitoshi, naona ndiyo nakufa. Mara ya kwanza ilinikamata gatini Mkoani nikipanda boti. Nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijasafiri. Hospitali wamenipima moyo wakasema sina kitu. Mama mkwe anasema nina shetani. Ami yangu alizama na meli ya Spice Islander, lakini hayo ya zamani. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa Unguja. Nifanyeje?"

Mwanangu, walikusudia moyo wako ni mzima. Kitu unacho. Nikiisoma barua yako naona maradhi ya wasiwasi, yale yanayovamia kwa kishindo. Mwili unapiga mbiu ya mgambo na adui hayupo: moyo unakwenda mbio ili ukimbie, unahema mpaka unatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, ndiyo vidole vinakufa ganzi. Mara nyingi hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe.

Na hayo ya ami yako si ya zamani. Meli ile ilipozama, Septemba 2011, ulikuwa mtoto bado. Lakini si meli peke yake. Hali hii hutembea pia katika ukoo, na tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta dalili hizihizi. Waulize kama waliipima. Na kahawa chungu punguza.

Mama mkwe usishindane naye. Akitaka kukusomea, asome. Kisomo hakigombani na daktari. Kufukizwa ndiyo ukatae. Mimi niliwahi kufungiwa chumbani na chetezo, nikatoka na kikohozi na hofu yangu ileile.

Kuogopa si kosa lako. Kinachokuharibia ni kule kurudi: kila ukigeuka, mwili unasadiki kwamba boti ingekuua kweli. Basi nenda Mkoani siku isiyo ya safari, ukae gatini tu. Hofu ipande, ishuke, ndipo uondoke. Rudia mpaka pakuchoshe. Hiyo ndiyo tiba yenyewe, na huenda vizuri zaidi ukiwa na mtaalamu wa afya ya akili. Muone daktari Chake Chake, umwambie wazi kuwa unaogopa, usiishie kwenye "moyo". Huenda akakupa dawa kama sertralini. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usiiache siku ya tatu ukasema haifai. Diazepamu ya jirani usiiguse. Inatuliza upesi, lakini mwili huizoea.

Siku ya harusi usipande peke yako. Mwambie mumeo mapema: ukianza kuhema asikupepee wala asiite watu. Akushike mkono, mhesabu pumzi pamoja, ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.