Pikapu Ikitetemeka, Angalia Ekzosi Kabla ya Kugusa Propela

Kwa miezi miwili pikapu yangu ilikuwa na mtetemo ulioninyima raha kabisa. Nikifika kilomita 70 kwa saa, sakafu inanitekenya nyayo, kioo cha ndani kinatikisika mpaka gari la nyuma naliona mawili, na ndani kunajaa mvumo mzito unaokandamiza masikio. Nikasawazisha matairi. Nikabadilisha krosi (viungo) za propela, lile shafti linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma, kisha beringi yake ya katikati. Mvumo ukabaki palepale. Tatizo lilikuwa kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi, na lingeonekana kwa tochi tu kama ningelala chini ya gari kwa dakika kumi.

Nilichokosea ni kutojiuliza mapema: huu mtetemo unafuata mwendo wa gari, au unafuata mizunguko ya injini? Mimi nilikuwa nabeba mizigo, kwa hiyo muda mwingi nilikuwa gia ya nne. Kila nikifika 70 unaanza, nikaamini ni mwendo. Siku nilipoingiza gia ya tano nikabaki kwenye 70 ileile, ukatulia. Nikaongeza mwendo, ukarudi karibu na 90. Nikatazama kipimo cha mizunguko: mara zote mbili kilisoma 2,100 hivi kwa dakika. Propela na matairi hayajui uko gia gani. Mtetemo unaohama ukibadilisha gia unatoka kwenye injini au kwenye kitu kilichofungwa nayo, na ekzosi imefungwa nayo.

Unaweza pia kujaribu gari likiwa limesimama mahali pa wazi, breki ya mkono juu, gia nyutro, huku ukikanyaga mafuta taratibu. Mtetemo ukitokea hapo, achana na propela, maana haizunguki. Usipotokea, bado usiitoe ekzosi kwenye orodha. Injini yenye mzigo hujipinda kwenye maunti zake (vishikizo vya raba inavyokalia) na kulivuta bomba, jambo ambalo haifanyi ikiwa nyutro.

Ekzosi ni kitu cha kuning'inia. Kuanzia kwenye injini hadi mwisho wa bomba haitakiwi kugusa chesisi wala bodi mahali popote isipokuwa kupitia zile raba zinazoining'iniza. Injini ya silinda nne hupiga mapigo mawili kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwa mizunguko 2,100 ni mapigo 70 kila sekunde. Raba zipo ili kuyameza. Bomba likigusa chuma cha chesisi, mapigo yote yanapita moja kwa moja hadi sakafuni, na kebini nzima inaanza kuvuma. Bomba la pikapu ni refu, na njiani linapita karibu na propela, tangi la mafuta na vyuma vinavyokingama kwenye chesisi, kwa hiyo nafasi za kugusana ni nyingi.

Mambo mengine hufichwa na joto. Chuma cha kawaida hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita kikipata joto la nyuzi 100 zaidi. Bomba la mita 3 lililopanda nyuzi 300 limeongezeka zaidi ya sentimita 1. Ukilikagua limepoa utaona pengo zuri, ukaondoka umeridhika, kumbe likipata moto pengo halipo. Ndiyo maana usitafute mguso, tafuta alama yake. Kwangu ilikuwa juu ya bomba, pale linapopita chini ya chuma kinachokingama nyuma ya gia boksi: sehemu ndogo, upana wa ukucha wa kidole gumba, inang'aa kama kijiko kipya katikati ya kutu. Na kwenye chuma cha juu yake kulikuwa na alama pacha. Chuma cha chini ya gari haking'ai bila sababu. Hapo panasuguliwa.

Nikakumbuka kwamba muda mfupi kabla ya tatizo kuanza, kipande cha kati kilichooza kilikatwa na kuchomelewa kipya. Kipande kilikuwa kizima, ila kilifungwa huku kimejikaza, raba mbili zimevutwa upande kama mtu anayevuta kamba. Dawa yake si kukaza zaidi. Gari likiwa limepoa na limesimama juu ya stendi imara, si jeki peke yake, legeza viungo vyote vya ekzosi. Anza kukipanga kipande kilicho karibu na injini ukirudi nyuma, acha kila raba ining'inie wima, hakikisha kuna pengo la sentimita 2 au zaidi pande zote, ndipo ukaze. Raba iliyopasuka au iliyolegea kama mkate ulioloa, itupe. Kama injini inaruka sana ukiwasha na kuzima, kagua maunti zake pia, kwani zikiwa zimekufa bomba litarudi kugonga hata ulipange vipi.

Milio mingine ni rahisi zaidi. Mlio mkavu wa bati unaokuja kwenye mizunguko fulani na kupotea, mara nyingi ni ile ngao ya bati inayozuia joto, bolti zake zimeliwa na kutu. Klampu ndefu ya chuma ukiizungusha inatosha. Tiktik ya asubuhi inayopungua injini ikipata moto huwa ni gasketi ya manifoldi (pale bomba linapofungwa kwenye injini) au bolti iliyokatika: chuma kikitanuka kinaziba pengo chenyewe. Tafuta masizi meusi kwenye kiungo. Mlio kama kokoto ndani ya debe, gonga katalisti (kopo linalosafisha moshi) na sailensa (kopo linalopunguza kelele) kwa nyundo ya raba zikiwa baridi. Kikisikika kitu kinacheza ndani, kimevunjika, na vipande vya katalisti vinaweza kuziba njia ya moshi na kuiua nguvu ya injini.

Kwa uvujaji nawaomba sana msisubiri. Moshi wa ekzosi una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Ukianza kuumwa kichwa ukiwa unaendesha, fungua madirisha, simama, shuka. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa eti usikilize vizuri. Sikilizia nje: mwenzako aweke kitambaa kinene kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde chache injini ikiwa baridi, nawe sikiliza wapi panafoka.

Baada ya kupanga upya bomba langu, nilipaka chaki nyeupe juu ya ile sehemu iliyokuwa inang'aa, nikabeba mzigo na kuendesha wiki nzima, mlimani na kwenye makorongo. Jumamosi nililala tena chini ya gari na tochi. Chaki ilikuwa na vumbi, lakini haikuwa imeguswa.