Mjusi wa Tendaguru yuko Berlin, ukienda kumwona unaanzia wapi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi naishi Hamburg na watoto wawili, mmoja ana miaka sita mwingine kumi. Kwetu ni Lindi. Likizo hii tunaenda Berlin kwa mama yao mdogo na wameshaanza kunisumbua wanataka kumwona yule mjusi, dinosaria aliyechimbwa Tendaguru kwetu Lindi, maana bibi yao huwa anawahadithia kwenye simu. Naomba kujua, yule ni mifupa kweli au plastiki? Na nipange muda gani, huyu mdogo akichoka anakaa chini hapohapo haambiliki.
Mama Wawili, Hamburg

JIBU: Salama Mama Wawili, poleni na baridi. Nendeni tu Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, na wala hamna haja ya kumtafuta, ukishapita mlangoni ukumbi wa kwanza mkubwa ndo wake, amesimama katikati kichwa kinakaribia dari la vioo. Ana mita 13.27 kwenda juu na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayomfikia kwa kimo. Kibao kitakwambia anaitwa Giraffatitan brancai, ila vitabu vya zamani vinamwita Brachiosaurus kwa hiyo huyo wa miaka kumi akibisha msimkatalie, wote mko sawa.

Kuhusu mifupa, ni ya kweli kwa sehemu kubwa lakini sio yote, na sio ya mnyama mmoja. Wameunganisha ya wanyama kadhaa wa aina hiyohiyo waliochimbwa Tendaguru, wana umri wa miaka kama milioni 150. Fuvu lililoko kule juu ni nakala, la kweli halihimili kupandishwa, na pingili za shingo na mgongo nazo ni nakala maana zenyewe ni nzito halafu zinavunjika kirahisi. Ukitaka kuona mfupa wenyewe wa kwetu simama miguuni, mfupa wa paja peke yake unampita mtu mzima. Pembeni kuna ndugu zake wa hukohuko Lindi, Dicraeosaurus, na Kentrosaurus yule mwenye miiba mgongoni ambaye nadhani huyo mtoto wako mdogo atampenda kuliko huyu mjusi mkubwa, watoto ndo walivyo.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanapita bila kukisoma. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wakubwa wakiwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na hiyo ni miaka miwili tu baada ya vita ya Maji Maji kuzimwa, yani eneo lilikuwa limetoka kwenye vita na njaa na watu wanadaiwa kodi, ndo hao wakaenda kuchukua vibarua vya kuchimba, kuna kipindi walifika karibu 500. Mifupa ikafungwa na plasta, mingine ikawekwa kwenye vifungashio vya mianzi, halafu wapagazi wakaibeba kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, jumla zaidi ya tani 200. Hebu fikiria. Kuna vifungashio vya mianzi vilikaa Berlin miaka mia bila kufunguliwa!

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jamaa alikuwa fundi kwelikweli, Waingereza walipokuja nao kuchimba kuanzia 1924 wakamchukua huyohuyo. Jina lake lilikuja kupewa dinosaria mwaka 2007, Australodocus bohetii, karibu miaka mia baada ya kazi. Wakubwa wa Kizungu walipewa ya kwao mapema sana, hata hiyo "brancai" ni ya Branca, aliyekuwa mkuu wa makumbusho wakati ule. Waambie watoto jina la Boheti kabla hamjaingia, mi naona ni zuri kulijua kuliko kujua uzito wa mjusi.

Muda, weka masaa mawili na nusu. Mkitoka kwa mjusi nendeni kwenye chupa, ukumbi una giza kidogo katikati kuna chumba cha vioo kimejaa samaki, nyoka na mijusi (hii midogo) kwenye spiriti, wanyama kama milioni moja. Kuna watoto wanaogopa, kwa hiyo msome kwanza huyo mdogo. Na msiache kumwona Archaeopteryx, ile alama ya ndege mwenye meno na mkia wa mjusi kwenye jiwe, ni kadogo lakini wanasayansi wanakasujudia. Jengo lenyewe ni la 1889, upande mmoja ulipigwa bomu 1945 ukakaa gofu mpaka ukafunguliwa upya 2010.

Jumatatu wanafunga. Siku za kazi wanafungua saa tatu na nusu asubuhi, wikiendi saa nne, tiketi nunua mtandaoni maana likizo foleni inatoka nje. Treni ni U6, stesheni inaitwa Naturkundemuseum, huwezi kupotea.

SWALI: Dada mambo, mi niko Mbagala, Berlin sina nauli wala viza. Je naweza kwenda Tendaguru kwenyewe? Na huyu mjusi atarudi lini?
Mkereketwa

JIBU: Poa kaka. Kurudi, wabunge wetu wameshalipigia kelele bungeni zaidi ya mara moja na mjusi bado yuko kule, kwa hiyo mwaka sikutajii. Maoni yangu, hata kabla ya kumrudisha tungeanza kujenga kitu pale Lindi cha kupokelea wageni, sio lazima kisubiri mifupa.

Kwenda unaweza. Ni kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini, ila usitegemee geti na kafeteria, ni kilima na pori, na bila mwenyeji utapita juu ya shimo la Wajerumani usijue. Pitia kwanza ofisi za halmashauri ujitambulishe, wakuunganishe na mtu wa kijijini, umlipe vizuri. Nenda kati ya Juni na Oktoba, masika bodaboda yenyewe inagoma. Na ukiona kipande cha mfupa piga picha ukiache palepale, kuondoka nacho ni kosa kisheria.