Maswali ya Wasomaji: Jukwaa Lina Kazi Gani Ofisini?

Niliandika hapa kwamba msimamizi wa kazi angefaidika zaidi na mazoezi ya waigizaji kuliko semina ya siku moja yenye kitini na chai. Barua za kuniunga mkono zilikuwa chache, za kunibana nyingi. Nimechagua nne na kuzifupisha, na majina ya waandishi na ya kampuni zao nimeyaacha.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa rasilimali watu. Tulichagua vijana 12 tunaotaka waje kushika vitengo baadaye. Mkurugenzi akatuletea mwezeshaji anayetumia "mbinu za tamthilia". Siku nzima walirushiana mpira wa kuwazia, wakaiga wanyama, wakacheka mpaka machozi. Jumatatu kila mtu alirudi vilevile. Sasa naulizwa fedha zimekwenda wapi. Nijibu nini?

Marahaba. Jibu kwamba zimekwenda kwenye kicheko. Kicheko si kibaya, ila sicho mlichotaka kununua.

Michezo yenyewe siilaumu. Mingi ya namna ile imetoka kwa Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Chicago, ambaye katika miaka ya 1930 na 1940 aliitumia kuwafundisha watoto, wakiwamo wa familia za wahamiaji waliotofautiana lugha na malezi. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa walioanzisha Second City mwaka 1959, kikundi kilichojijengea jina kwa vichekesho vya papo kwa papo. Lakini kwa Spolin kila mchezo ulikuwa na jambo moja la kushika akilini. Mpira wa kuwazia, kwa mfano, ni lazima wote wauone ni uleule, wenye uzito uleule, kuanzia mkono wa kwanza hadi wa mwisho. Mchezo ukiisha, waliokaa kutazama wanaulizwa: waliushika, au ulibadilika njiani? Hapo ndipo somo lilipo, kwa sababu mtu analazimika kusema alichokiona badala ya kusema "hongereni". Mwezeshaji wenu aliwapa mchezo akawanyima swali.

Mkipata fedha tena (na hata msipopata, kwa sababu hili halihitaji mgeni), fanyeni igizo dhima la tatizo lenu wenyewe. Nina kisa ninachokipenda kwa kuwa kipo kila ofisi: kijana amepandishwa cheo, na sasa anapaswa kumwambia mfanyakazi mkongwe, yuleyule aliyemfundisha kazi, kwamba ripoti zake zinachelewa. Waigizeni wawili hao mpaka mambo yaharibike. Yataharibika upesi. Kijana atazunguka, ataulizia hali ya watoto, atataja ripoti kana kwamba ni tatizo la mtu mwingine, na mwisho ataondoka ameomba radhi yeye.

Kisha anzeni upya kwa mtindo wa Augusto Boal. Huyu alikuwa mwongozaji wa tamthilia wa Brazil aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, akaishi uhamishoni miaka mingi. Igizo lake linampa mtazamaji haki ya kulisimamisha. Ukiona mahali ambapo yule aliyebanwa angeweza kufanya jambo jingine, unapaza sauti "Simama!", unaingia, unachukua nafasi yake, unajaribu. Anayecheza mkongwe hakurahisishii. Anakujibu kama mkongwe wa kweli angejibu, pamoja na ile "mwanangu, mimi nilikuwa hapa kabla hujajua kushika kalamu". Ukishindwa unakaa, mwingine anaingia. Boal aliporudi nyumbani na kuchaguliwa kuingia baraza la jiji la Rio de Janeiro, kuanzia 1993 hadi 1996, aliitumia njia hiyo kukusanya mawazo ya kutunga sheria, na 13 zilipita. Msishindwe nyinyi na ripoti zinazochelewa.

Utakachokiona ni hiki. Wa kwanza kuingia atakuja na sauti kubwa, na mkongwe atanuna. Wa pili atatishia barua ya onyo. Atakayefika mbali huwa ni yule atakayesema jambo moja la wazi, "ripoti ya mwezi huu imefika siku nne baada ya tarehe, ni nini kinachokuchelewesha?", kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kugumu. Wengi hawawezi, swali likitoka tu wanalijibu wenyewe. Mrudishe mara ya tatu, ya nne, mpaka aweze kukaa na kimya kile bila kukijaza.

Masharti nayo yapo. Mkurugenzi asikae pembeni na kalamu, la sivyo mtapata maonyesho ya utii. Kisa kisimhusu mtu yeyote aliyemo chumbani. Na msimruhusu mtu kulitatua tatizo kwa kumbadilisha mkongwe ghafla kuwa mpole. Boal aliliita jambo hilo uchawi, na hadhira ilikuwa na haki ya kulikataa. Baada ya wiki mbili kutaneni tena, kisa kilekile, safari hii wakiwa wamekwisha kujaribu na watu wa kweli. Mkurugenzi akiuliza faida, mweleze nani amefanya mazungumzo gani aliyokuwa akiyakwepa.

Mwalimu, shikamoo. Nina shahada ya sanaa za maonyesho. Kila nikienda kwenye usaili jopo linatabasamu na kuniambia "hebu tuigizie kidogo". Mjomba ananishauri niifiche shahada, niandike nimesoma mawasiliano. Na kwa kweli mwaka wa mwisho sikuigiza; nilipewa umeneja wa jukwaa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Marahaba, mwanangu. Mjomba anakutakia heri, lakini usimfuate: cheti chenyewe kitakuumbua. Sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kama mtu anayeomba msamaha, ndiyo itakayokupa kazi.

Wanaokusaili hawajui meneja wa jukwaa ni nani. Waeleze. Ni wewe uliyepanga ratiba ya mazoezi ukijua nani ana mtihani na nani hasemi na nani. Ni wewe uliyeshika daftari la onyesho, lenye kila mwendo wa mwigizaji, kila badiliko la taa, kila sauti, kiasi kwamba ungeugua mtu mwingine angelifungua na onyesho likaenda. Usiku wa onyesho ni wewe uliyekaa gizani ukisema "taa 14, tayari... sasa!", na mtu mwenye uzoefu kukuzidi akabonyeza kwa neno lako. Baada ya hapo ukaandika ripoti: limechukua muda gani, mlango uligoma katika tendo la pili, fulani amekuja amechelewa. Katika tamthilia za kulipwa mwongozaji huondoka onyesho likishafunguliwa, na kuanzia hapo chombo kinabaki mikononi mwa meneja. Kampuni hutumia fedha nyingi kutafuta mtu wa namna hiyo, kisha akiingia mlangoni wanamwomba aigize.

Katika wasifu wako usiandike "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo". Kila mtu huandika hivyo. Andika idadi ya watu uliowasimamia, wiki za mazoezi, bajeti, na jambo moja lililoharibika na ulivyolishughulikia. Daftari lenyewe lichukue uende nalo, uliweke mezani. Na wakisema "tuigizie kidogo", usinune wala usiigize. Waambie: "Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia waigizaji waingie lini."

Kama bado unapenda kuigiza, kuna mlango mwingine ambao wahitimu wenzako wengi hawaujui. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mtu mzima wa afya aigize mgonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wapimwe namna wanavyomhoji na kumpima. Leo vyuo vingi vya tiba duniani vina watu wa kazi hiyo. Vilevile vituo vya kupimia uwezo wa mameneja huhitaji mtu wa kucheza mteja mwenye hasira au mfanyakazi anayelia, tena acheze kwa kiwango kilekile kwa kila anayepimwa, asubuhi hadi jioni. Hiyo ni nidhamu ya jukwaani, na haipatikani kwa kuokota mtu yeyote wa ofisini.

Mwalimu, nimekuwa msimamizi tangu mwaka jana. Mimi ni mpole. Mkuu wangu ananiambia "igiza kujiamini mpaka uzoee". Najiona mwongo, na jioni nachoka kuliko nilivyochoka nilipokuwa nabeba mizigo.

Uchovu huo umeshachunguzwa. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika juu ya wahudumu wa ndege wanaolipwa ili watabasamu, na akaazima mawazo ya Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi, kutofautisha kuigiza kwa usoni na kuigiza kwa ndani. Anayeuvaa uso tu, moyo ukiwa kwingine, ndiye anayechakaa.

Mkuu wako amekupa maelekezo ambayo mwongozaji mzuri hampi mwigizaji. Hakuna awezaye kuigiza "kujiamini". Stanislavski aliwataka waigizaji wake waulize: katika hali hii, ningekuwa mimi, ningetaka nini, na ningefanya nini ili nikipate? Kwa hiyo kabla ya kikao usijiulize utaonekanaje. Jiulize unataka watu hawa watoke humu wakafanye nini, uliandike kwa kitenzi: wakubali tarehe, wakuonye kuhusu hatari, wagawane zamu. Macho yakiwa kwenye kazi yanaacha kujitazama.

Mwili nao una mambo yake madogo. Keith Johnstone, aliyefundisha katika ukumbi wa tamthilia wa Royal Court, London, aliwafunza waigizaji kupandisha na kushusha hadhi ya mhusika kwa vitu kama kichwa kutulia au kutikisika unapoongea. Jaribu kutulia kichwa, na umalize sentensi zako. Wapole wengi huimeza nusu ya mwisho. Upole wenyewe ubaki nao.

Mwalimu, salaam. Mimi ni mzee wa kiwandani, nakaribia kustaafu, nimeambiwa nimtaje mrithi. Nina wawili: mmoja anaongea vizuri sana vikaoni, mwingine mkimya lakini mafundi humwendea. Watu wa tamthilia mnamjuaje mwenye kipaji?

Salaam, mzee wangu. Kwanza jihadhari na masikio yako. Makundi yasiyo na kiongozi yamechunguzwa kwa miaka mingi, na jambo linalojirudia ni kwamba anayeongea muda mrefu zaidi ndiye huonekana kiongozi, hata kama alichosema hakina uzito. Waingereza mwaka 1942 walipoanzisha bodi za kuchagua maofisa wa jeshi waliwapa watahiniwa kazi ya pamoja katika kundi bila kumteua mkuu, lakini waliowatazama walikuwa wamefunzwa kutazama. Sisi wengine hutekwa na sauti.

Katika usaili wa waigizaji, onyesho la kwanza la mtu halinishughulishi sana, maana amelifanyia mazoezi nyumbani. Namwacha amalize, nampa neno moja la kurekebisha, "sasa mwambie hayo hayo ukiwa unamwogopa", halafu arudie. Yupo atakayenieleza kwa ufasaha kwa nini alifanya vile mwanzo, kisha akarudia vilevile. Yupo atakayebadilika, pengine vibaya, lakini amebadilika. Huyo wa pili naweza kufanya naye kazi wiki sita.

Jambo la pili, namtazama akiwa hana mistari, mwenzake ndiye anaongea. Mwigizaji dhaifu hapo husubiri zamu yake. Unaiona hata mabegani. Mkimya wako, kama mafundi humwendea, huenda hapo ndipo aliposhinda. Lakini usimpe nafasi kwa sababu ni mkimya, maana wapo wakimya wasiosikiliza pia.

Wape wote wawili kikao kimoja kimoja cha mafundi wakiongoze. Baada ya kikao mwite kila mmoja peke yake, mpe neno moja tu la kurekebisha, na wiki inayofuata mpe kikao hicho hicho tena. Wewe kaa nyuma, karibu na mlango, na daftari lako.