Cotswold Way ni maili 102, sio kilomita
Mkuu, umesema Cotswold Way, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu huko Uingereza, ni kilomita 102. Hapana, hiyo 102 ni maili. Kwa kilomita ni kama 164, kuanzia Chipping Campden mpaka Bath, ndo maana wengi wanaitembea siku 7 hadi 10, sasa ukipanga siku 4 ukidhani ni kilomita mia utaumia bure maana njia inapanda na kushuka ukingo wa vilima kila mara. Karibu na mji wa Winchcombe utapandisha hadi Belas Knap, kaburi la kale la zaidi ya miaka 5,000, hapo usipite mbio aisee, kaa utazame. Alama ya kufuata njiani ni picha ya tunda la mwaloni. Ila baiskeli acha, sehemu kubwa ni ya waenda kwa miguu tu.